Kinamasi Kilichopona

Mtani ndiye aliyeleta balaa, na mtani hashitakiwi.

Siku ya kwanza ya matanga ya Lipinda, kabla udongo wa kaburi haujakauka, watani wake wa milimani walishuka na magari mawili ya umeme, watu thelathini kasoro wawili, wakiongozwa na Mgaya, mwalimu mstaafu mwenye shingo ndefu na haya fupi. Hawakubisha hodi. Mgaya aliingia chumbani moja kwa moja, akalitungua koti la marehemu msumarini, akalivaa. Akajitwika kofia yake ya ukindu, akabana kiko chake kitupu mdomoni, kisha akatoka uani akichechemea mguu wa kushoto vilevile alivyochechemea mwenyewe.

"Nani kawaambia nimekufa?" aliuliza kwa sauti ya Lipinda. "Nilikwenda kujisaidia tu, narudi nakuta mmeshapika ubwabwa!"

Wanawake waliokuwa mkekani walicheka huku machozi yakiwatiririka. Hata Stumai alicheka, naye ndiye aliyeumia kuliko wengi, maana Lipinda alikuwa kaka wa mama yake, na ndiye aliyemfundisha kusimama kwenye mtumbwi, kusema uongo, na kunyamaza.

Mgaya akapanda kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba. "Sasa niwaonyeshe kazi iliyonilisha," alisema. Akakusanya viganja mdomoni, akalia kama taji, yule korongo mwenye shada la dhahabu kichwani. Akalia tena, wa pili akimjibu wa kwanza. Kisha akavuta pumzi akamtoa kidenenda wa mafunjo: sauti mbili nyembamba, na ya tatu yenye mluzi ndani yake, kwa sababu Lipinda alikuwa na pengo la jino la mbele na pumzi yake ilipitia hapo. Mgaya hakuwa akimwiga ndege. Alikuwa akimwiga marehemu, na hakusahau hata pengo.

Hapo kicheko kikamkauka Stumai. Hatua hamsini nyuma ya kichuguu kile, juu ya nguzo ya chuma, lilikuwapo Sikio la Saba, nalo lilikuwa wazi kama lilivyokuwa wazi usiku na mchana kwa miaka tisa.

Aliinuka nusu. Mama yake, Bi Asumini, akamshika upindo wa khanga.

"Unakwenda wapi?"

"Naenda kulifunika lile, mama. Dakika mbili tu."

"Mfiwa hafanyi kazi. Na mtani hanyamazishwi, unataka tuzike mwingine mwaka huu? Kaa chini."

Stumai akakaa. Baadaye, alipokuwa akitafuta mahali pa kuanzia kujilaumu, alikuwa akiishia hapo: gunia moja la kulifunikia, hatua hamsini, naye akakaa.

Watani walilia siku tatu. Walipokezana juu ya kichuguu kama waimbaji wa kwaya, kila mmoja akitaka kumpita mwenzake. Walimlia furukombe, mnandi, kwarara, yangeyange. Mmoja alikohoa kikohozi cha nzohe, yule swala wa vinamasini, mpaka mbwa wakatimka. Kinamama watatu walipanga vyura kwa sauti ya juu, ya kati na ya chini. Walilia hata ndege ambao kinamasi chao cha Lumbasi hakikuwa kimewasikia kwa miaka kumi na mitano, kwa sababu Lipinda alikuwa akiwalia harusini na kilabuni, na watani walikumbuka yote. Watu walitoka vijiji vitatu kuja kusikiliza. Msiba ulifana. Kila aliyeondoka alisema kwamba hajawahi kuona mtu akizikwa vizuri namna ile.

*

Inafaa kueleza Sikio ni kitu gani, maana wapo watakaodhani ni jambo la kishirikina, na pengine hawakosei sana.

Miaka ilipokuwa ya ukame na Bwawa la Kihanza likawa linagombaniwa na jiji, mashamba ya miwa, mpunga na vinamasi, watu walichoka kugawiana maji kwa ngumi. Kazi hiyo wakaipa Mizani. Hakuna aliyewahi kuiona Mizani. Ilikuwa akili iliyokaa kwenye mitambo huko makao makuu ya Mamlaka ya Maji, na ilifungua na kufunga milango ya bwawa bila kumwuliza mtu. Wenye mashamba iliwapimia kwa picha za angani. Vinamasi ilivipimia kwa sauti. Kila kinamasi kilichomekewa nguzo zenye visanduku vya kijivu, ukubwa wa kibuyu cha maziwa, vikasikiliza: ndege, chura, mdudu, kambale anayeguna matopeni. Kwa sauti hizo Mizani ilikipa kinamasi alama ya uhai, kati ya sifuri na mia.

Chini ya arobaini, kinamasi kiliitwa mahututi. Kilipewa maji maradufu kwa mwaka mmoja, ulioitwa mwaka wa rehema, na kisipoinuka, ardhi yake ilikwenda kwenye miwa. Kati ya arobaini na themanini kilipata mgao wake wa kawaida. Kikizidi themanini kilihesabiwa kuwa kimepona, na aliyepona hakai wodini: milango ilifungwa kiangazi chote, maji yakapelekwa kwa wagonjwa wengine.

Kila kinamasi kilikuwa na fundi wake wa Masikio. Wa Lumbasi alikuwa Stumai. Kazi yake ilikuwa kufuta mavi ya ndege kwenye visanduku, kung'oa nyigu, na jambo moja zaidi, dogo kwa kuliangalia. Chura wa Lumbasi halii kama chura wa kwingine, kama vile mtu wa pwani asivyosema kama mtu wa bara. Kwa hiyo Mizani iliundwa ijifunze lafudhi ya kila mahali kutoka kwa mwenyeji. Kila ilipotilia shaka sauti, ilimwuliza fundi kwenye kishikwambi chake: *Je, huyu ni kidenenda wa mafunjo? Ndiyo. Hapana.* Naye alibonyeza.

Miaka saba kabla ya msiba, alama ya Lumbasi ilishuka hadi arobaini na tatu, na ilikuwa bado inateremka. Stumai alimkuta mjomba wake akitengeneza mgono wa kutegea samaki mlangoni, akamweleza.

"Kwa hiyo hicho kisanduku kinamtafuta kidenenda," Lipinda alisema.

"Kinamtafuta na wenzake. Hawapo, mjomba. Waliobaki hawafiki kumi."

"Mimi nimetega bata miaka thelathini kwa mdomo huu. Bata walikuja wenyewe, wanadhani wanaitwa na wake zao. Kisanduku kina akili kumshinda bata?"

"Kina akili kuwashinda maprofesa."

"Maprofesa nao walikuja hapa wakanirekodi wakidhani ni furukombe." Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa tuseme ukweli, tupate huo mwaka wa rehema. Halafu?"

"Halafu miwa."

"Basi tutadanganya."

Ndivyo walivyoanza. Asubuhi na jioni Lipinda alizunguka na mtumbwi wake, akalia hapa chura, pale taji, kule kidenenda, kwa kipimo kama mpishi anavyotia chumvi. Hakuzidisha hata siku moja. Alama ikakaa hamsini na nne, hamsini na sita, hamsini na tano, miaka saba mfululizo, na mgao wa maji ukaja. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ya Lumbasi ilikuwa ndefu, na kandokando yake yaliota mayungiyungi.

Ila mgao wa kawaida haukumponya mgonjwa yule. Ulimzuia tu asife haraka. Joto lilipanda, mafunjo yalizidi kuchomwa na watu waliotaka bustani, na kidenenda, ndege wa kahawia asiyepatikana penginepo duniani, alipungua mpaka akabaki kwenye dimbwi moja karibu na Sikio la Tatu. Huko ndiko Stumai alikofanya jambo ambalo hakumwambia hata mjomba wake.

Ndege wa kweli hana pengo. Mara mojamoja alipolia, Mizani ilishtuka, ikauliza: *Sauti hii inafanana na kidenenda wa mafunjo lakini inatofautiana. Je, ni yeye?* Videnenda wawili wenye lafudhi mbili katika kinamasi kimoja wangeleta wakaguzi. Ilimbidi amchague mmoja. Stumai alimchagua mjomba, kwa sababu mjomba alikuja kila siku, mvua na jua, na ndege hakuwa na uhakika wa kesho. Kwa ndege akabonyeza *Hapana, kelele*. Mara ya kwanza aligeuka kuangalia kama yuko peke yake. Mara ya hamsini alikuwa akibonyeza huku anakunywa chai.

*

Siku ya nne, matanga yalipoanuliwa, Stumai alikitoa kishikwambi chini ya kitanda kilikowekwa pamoja na simu za wafiwa wote. Ujumbe ulikuwa umesubiri.

*Hongera! Kinamasi cha Lumbasi kimepona. Alama ya uhai: 91. Milango ya mgao imefungwa kuanzia leo.*

Aliusoma amesimama, akausoma ameketi. Kisha akaenda kando ya maji akachomeka ufito kwenye tope, pale pale maji yalipoishia. Alama ilihesabiwa kwa siku iliyokuwa na sauti nyingi kuliko zote katika siku tisini zilizopita. Ili ishuke chini ya themanini ilihitaji miezi mitatu ya ukimya, na miezi mitatu ndiyo kiangazi chote. Maji yangerudi wakati hakuna tena wa kuyanywa.

Kesho yake ufito ulikuwa nchi kavu. Baada ya wiki, ufito ulikuwa mbali na maji kiasi cha kurusha jiwe. Wiki ya tatu watu waliingia kinamasini na ndoo na mabeseni, wakazoa kambale waliokuwa wakipigana matopeni kama nyoka, na kwa siku nne Lumbasi ilinuka samaki wa kukaanga kila nyumba. Walikula wakashiba, wakagawia majirani. Jirani mmoja alimwambia Stumai kwamba kifo cha Lipinda kimekuja na baraka. Stumai alimtazama mdomo wake uliong'aa mafuta, akashindwa kumchukia, akajichukia mwenyewe.

Alipanda basi la milimani kwenda kwa Mgaya. Alimkuta akipalilia maharage.

"Karibu, mke wangu!" Mgaya alianza, kama mtani anavyoanza. "Umenifuata mpaka huku? Nilijua lile koti litanipendeza."

"Umetuua, Mgaya."

Mgaya alidhani ni utani, akafungua mdomo ajibu. Kisha akaona macho yake, akaliweka jembe chini. Stumai alimweleza yote: Masikio, mjomba, alama, milango. Mgaya alisikiliza akiwa ameshika shingo yake ndefu kana kwamba ingeanguka.

"Sisi tulimlilia," alisema mwishowe. "Ndivyo tunavyolia sisi. Baba yangu alipokufa, Lipinda alikuja akavaa miwani yake, akafundisha darasa zima juu ya kaburi. Mama alicheka mpaka akazirai. Sasa ningefanya nini? Nimzike rafiki yangu kimya kama kuku?"

"Najua."

"Mtani haombi radhi. Ni mwiko."

"Najua pia. Sijafuata radhi."

"Umefuata nini?"

"Nataka nikiri. Mkaguzi wa Mamlaka anakuja Alhamisi kuleta ngao ya ushindi. Nikimwambia kwamba alama ni ya uongo, watazifuta alama za miaka yote saba. Alama ya kweli haifiki thelathini na tano. Tutakuwa mahututi, na sheria inasema mahututi hufunguliwa maji siku hiyo hiyo."

"Halafu mwaka ukiisha?"

"Miwa, pengine. Ila mwaka ni mwaka. Dimbwi la Sikio la Tatu lina siku kumi, kumi na mbili. Videnenda wamebaki wawili, nimewahesabu kwa macho yangu."

"Na wewe?"

"Mimi ni kifungo. Miaka mitano, au saba."

Mgaya aliokota jembe, akalifuta udongo kwa kiganja, taratibu, jembe zima. "Mngesema ukweli tangu siku ile, mngepata huo mwaka wa rehema wakati ndege wangali kumi," alisema. Hakuwa anatania. Ndilo neno lililomkaa Stumai kooni siku zote, na sasa lilikuwa limetoka mdomoni mwa mtu mwingine.

"Ndiyo," alijibu.

"Alhamisi nitakuja. Nitalia mbele yake, aone."

*

Mkaguzi Kemilembe alikuwa mama wa miaka hamsini na ushee, mwenye viatu vya kutembelea tope ambavyo havikupata tope. Alikuja peke yake na dereva, ngao ya shaba ikiwa imefungwa kwa utepe wa kijani. Aliposhuka garini aliangalia mbele, mahali ambapo ramani yake ilisema ni maji. Palikuwa na udongo uliopasuka, mafunjo ya rangi ya mkaa, na mifupa ya kambale ambayo kunguru walikuwa wameshaichoka.

"Shikamoo, mama," alisema Stumai.

"Marahaba, binti. Pole na msiba, nimesikia." Akaangalia tena mbele. "Hapa ndipo penyewe?"

"Hapa ndipo penye alama tisini na moja."

Kisha akakiri. Alikuwa amejiandaa kwa siku nyingi kukiri kwa heshima, kwa mpangilio, ila yalitoka yote kwa pamoja kama gunia lililopasuka, na katikati yake akalia, akajifuta kwa mkono, akaendelea. Alisema hata la ndege, lile la *Hapana, kelele*. Alipomaliza, yule mama aliiweka ngao juu ya boneti ya gari, kifudifudi.

"Nionyeshe," alisema.

Walikwenda kwa miguu hadi Sikio la Tatu, mwendo wa saa nzima juu ya tope lililokuwa gumu kama sakafu. Dimbwi lilikuwa limebaki ukubwa wa uwanja wa nyumba, maji ya rangi ya chai ya maziwa, mafunjo machache yakiwa yamejikunja pembeni. Mgaya, ambaye safari hii hakuvaa koti la mtu, alisimama chini ya nguzo. Akatia viganja mdomoni. Sauti mbili nyembamba, na ya tatu yenye mluzi.

Kishikwambi kikatoa mlio. *Kidenenda wa mafunjo. Uhakika: asilimia 98.*

Kemilembe alimtazama Mgaya, akakitazama kishikwambi, akamtazama tena Mgaya. "Rudia." Mgaya akarudia, akaongeza taji wawili na chura. *Taji, wawili. Chura-matete, mmoja. Alama inaimarika.*

"Yesu na Maria," alisema Kemilembe kwa sauti ndogo.

Akakaa juu ya mzizi wa mafunjo bila kujali sketi yake, akafungua kishikwambi chake cha kikaguzi, akaandika taarifa yote: jina la fundi, jina la marehemu, miaka, matanga. Akaomba alama ifutwe na milango ifunguliwe leo hii. Akabonyeza. Jibu lilikuja kabla hajakunja miguu.

*Madai yamepokelewa. Ili kuthibitisha kwamba sauti zilizokubaliwa ni bandia, leta sauti halisi ya kulinganisha.*

"Inataka ndege wa kweli," alisema. "Hilo ni jambo la haki. Wapo?"

"Wapo wawili," Stumai alijibu. "Lakini hawalii kwa kuagizwa."

Basi wakangoja. Jua lilipanda likawakalia utosini. Mgaya alivua shati akajifunika kichwa. Hakuna aliyezungumza, maana Sikio lilikuwa juu yao na kila mmoja aliliogopa kwa namna yake. Stumai alikodolea mafunjo mpaka macho yakamwuma. Alikuwa akiomba, jambo ambalo hakulifanya hata kaburini. Aliomba ndege mdogo asiyemjua kwa jina amtetee mbele ya serikali, yeye aliyemkana mara zisizo na idadi.

Saa nane na ushee, kitu cha kahawia kilitikisa unyasi. Kikapanda hadi kwenye ncha, kikainua mkia. Kidenenda alifungua mdomo akalia: moja, mbili, tatu, safi kama maji ya kisimani, bila mluzi, bila pengo. Stumai alishika mkono wa Kemilembe akaubana. Yule mama naye alikuwa amefunga macho.

Kishikwambi kikatoa mlio uleule.

*Sauti bandia. Uhakika: asilimia 99. Mwigaji hajui lafudhi ya Lumbasi.*

Punde ujumbe wa pili ukaingia kwenye kishikwambi cha mkaguzi. *Madai yamekataliwa. Jaribio la kuhujumu kinamasi kilichopona limezuiwa na kuandikwa. Alama ya uhai: 91. Milango itabaki imefungwa.*

Kemilembe alijaribu tena. Aliandika kwamba amemwona ndege kwa macho yake, kwamba amemwona mtu akilia kwa mdomo wake, kwamba kinamasi ni vumbi. Alipiga picha za vumbi, akaziambatisha. Mizani ilijibu kwamba vinamasi hupimwa kwa sauti. Akapiga simu makao makuu. Kijana wa sauti laini alimsikiliza hadi mwisho, akamjulisha kwamba binadamu waliondolewa kwenye milango ya bwawa mwaka uleule ngumi zilipokoma, na kwamba yeye binafsi hajui hata mlango ulipo.

"Lakini mama umeona," Stumai alisema. "Umeona mwenyewe! Waambie umeona!"

"Nimeona, binti yangu." Kemilembe alikuwa anajipangusa tope la sketi, akilisambaza tu. "Mimi nimeona. Ila mimi si ushahidi."

"Nifungeni basi. Nikifungwa wataamini."

"Wakufunge kwa kosa gani? Mitambo inasema hukudanganya." Alisimama kwa shida, na kwa mara ya kwanza sauti yake iliingia hasira, ingawa haikujulikana ilimwelekea nani. "Umeifundisha vizuri, Stumai. Sijaona fundi aliyeifundisha kama wewe."

Wakaondoka, yeye na Mgaya, Mgaya akimshika mkono kwenye nyufa. Njiani yule mtani aligeuka mara mbili kana kwamba ana neno, na mara mbili akaendelea na safari. Ngao walikuja kuikuta juu ya boneti, moto, ikiwa imechoma vidole vya dereva. Kemilembe hakuweza kurudi nayo, maana ilikuwa imeshaandikwa kwamba imepokelewa. Akaiacha kwa Bi Asumini, aliyeitundika sebuleni chini ya picha ya kaka yake, kwa fahari, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza.

Stumai alibaki dimbwini. Aliona kidenenda akishuka chini kwenye mafunjo, na wa pili akimfuata. Tope la ukingoni lilikuwa limeanza kupata ngozi. Kambale mdogo alijipindua, akatulia.

Kishikwambi kikalia mapajani mwake. Lilikuwa swali kama yale ya kila siku, lililoandikwa kwa adabu ileile, ila sasa limegeuzwa.

*Sauti bandia imesikika, Sikio la Tatu. Je, ifutwe kwenye kumbukumbu? Ndiyo. Hapana.*

Alibonyeza *Hapana*. Alibonyeza kwa nguvu, kwa kidole gumba, mpaka kioo kikapauka pale alipokibana.

*Jibu la fundi halilingani na majibu yake 2,314 yaliyotangulia kuhusu kidenenda. Huenda kumetokea makosa. Sauti imefutwa. Asante kwa kazi yako.*

Kidenenda alilia tena, mara tatu, na safari hii kishikwambi hakikuuliza.